Wito wa Tatu

Kwa maelezo ya Bi Mwajabu, Somoe hakuzidiwa na maji. Alikaa ndani makusudi. Kila anayeingia kambini kumpa mama huyo pole ya kufiwa na mumewe anasimuliwa hayo hayo.

"Nilimwona kwa macho yangu. Mlango wazi, maji magotini, yeye kitandani kama bi harusi anayengoja kutolewa!"

Nyuma ya turubai, Somoe anasikia kila neno. Wala si uongo.

Siku hizi Rufiji ukifurika, mwitaji hupaa. Ni chombo kama ungo, chenye jicho linaloona joto la mwili kupitia bati, na kujua nani bado yumo ndani. Kinamwita, na mtumbwi wa mtaa, mmoja tu, usio na mpiga kafi, unakwenda wenyewe mlangoni kwake, haubanduki mpaka apande. Wazee waliwaambia mafundi: mtu aliyeshikwa na hofu haitiki jina la kwenye cheti. Basi wito wa kwanza ni jina kamili, wa pili la mtaani, wa tatu lile la nyumbani.

Sauti ni ya Pazi, mume wa Somoe, aliyekuwa kiongozi wa waokoaji. Alipomaliza kurekodi majina ya majirani wote, akaenda kujenga vituo mwezini. Mwanzoni salamu zilikuja. Sasa kimya.

Asubuhi ile chombo kiliita, "Somoe binti Ngwele, toka nje."

Hakutoka.

"Somoe! Mtumbwi uko mlangoni."

Akafumba macho. Kisha ukaja wito wa tatu, kwa sauti ya chini, kama ya mtu anayebisha mlango wa uani ametoka shamba: "We Kichuna, njoo basi. Unanichelewesha."

Ndipo akatoka, machozi yanamtiririka. Ng'ambo ya migomba, Mzee Kipande, mume wa Bi Mwajabu, alikuwa juu ya dungu lake la kulindia mpunga, akipunga shuka na kupaza sauti, "Nipo! Nipo hapa!" Somoe alikuwa ndiyo kwanza anaweka mguu mtumbwini nguzo za dungu zilipokatika, mzee akachukuliwa na maji.

Sasa turubai linafunuliwa. Bi Mwajabu anaingia, anaketi mkekani bila kukaribishwa.

"Sikuja kugombana, mwanangu. Nimeshasema sana, mdomo umechoka." Anajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Nami nilishaolewa, najua kumngoja mtu. Ila mvua hazijaisha. Fundi anasema sauti ya Pazi haiondolewi chomboni bila ruhusa ya mwenyewe, na mwenyewe hapatikani. Umebaki wewe mkewe kuruhusu."

Somoe anachezea ncha ya mkeka.

"Waweke nyingine. Yoyote. Hata hii yangu ya chura."

Mbali, juu ya mashamba yaliyozama, mwitaji bado anazunguka. Upepo unaleta sauti ya Pazi vipande vipande, inamwita mtu mwingine. Somoe anageuza shingo taratibu, anatega sikio.

"Somoe," Bi Mwajabu anasema, anamshika mkono. "Kubali, mama. Nakuomba."