Radhi Moja Yatosha

Kila asubuhi Mwanafatuma aliketi barazani mwa nyumba yake, pale Msambweni, akishona makuti ya kuezekea. Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka mahoteli huko Diani, na alirudi nyumbani kila Alhamisi jioni. Binti yao Hadiya, mwanafunzi wa darasa la sita, alifagia uwanja, akateka maji, akavaa sare. Kisha likaanza lile ambalo mamake alikuwa amelizoea kama watu wanavyozoea tundu la paa linalovuja.

"Mama, niwie radhi."

"Kwa lipi, mwanangu?"

"Huenda nilipofagia vumbi limeingia kwenye chai yako."

"Chai nimeimaliza zamani. Nimekuwia radhi."

Hadiya alifika kwenye ua, akarudi. "Mama, umeniwia kwa moyo ama kwa mdomo tu?"

"Kwa moyo."

"Na kama limeingia halafu ukaumwa tumbo?"

"Nimekuwia, nimekuwia! Hebu nenda shule, mamangu."

Kila jibu lilimtuliza Hadiya kidogo tu. Kabla hajafika barabarani kiu ya kuomba radhi ilikuwa imerudi maradufu, kama ya mtu aliyekunywa maji ya bahari.

Majirani hawakuona ajabu. Kuombana radhi ni ada njema. Ramadhani ikikaribia, watu hubishiana hodi mlango kwa mlango wakiambiana, "Niwie radhi kwa nililokukosea." Basi wanawake walimsifu. "Mtoto mcha Mungu huyo," walisema. "Wetu hawana hata haya." Hadiya alisikia sifa hizo akazidi kuumia. Alijiona mwongo. Laiti wangaliyajua mawazo yanayomjia, wangalimkimbia.

Rafiki yake Rael hakumsifu. Rael alizaliwa bara, na babake alikuwa mpishi katika hoteli moja. Alimwona Hadiya akinawa kabla ya kula, akanawa tena, akarudia mpaka ngozi ikapasuka. "Hiyo mikono ni yako ama umeazima?" aliuliza. "Unaisugua ni kama unataka kuirudisha kwa wenyewe ikiwa mpya."

Hadiya alicheka, kisha akauliza, "Nimekuudhi? Niwie radhi."

"Aa! Hujaniudhi. Lakini sasa unaanza."

Mwaka huo ulikuwa wa tisini na saba, mwaka wa ile mvua kubwa iliyojaza mashimo na kuangusha kuta za udongo. Katikati ya mvua hiyo, Hadiya na Rael walishika zamu ya maji shuleni. Waliteka kisimani, wakajaza mtungi wa darasa, na wanafunzi wakanywa kwa kata ya kifuu cha nazi.

Asubuhi moja Hadiya alitangulia kisimani peke yake. Akaona kijito chembamba cha maji meusi kikitoka nyuma ya vyoo vya wavulana, kikiambaa na majani, hadi kwenye ufa uliokuwa ukingoni mwa kisima. Kilinuka. Hadiya alisimama akiwaza, "Nitamwambia Mwalimu."

Papo hapo wazo jingine likamrukia. Je, mikono yako umeinawa sawasawa? Huenda imeshika uchafu. Huenda ukaua mtu leo.

Akatafuta sabuni. Akanawa mpaka kengele ikalia, na mapumziko yote akarudi kunawa. Alilokuwa akiliogopa likalifukuza alilokuwa ameliona, na kwa Mwalimu hakwenda.

Wiki hiyo wanafunzi wakaanza kuharisha. Wa kwanza alikuwa mvulana wa darasa la nne, wakafuata wengine. Kisha kiti cha Rael kikawa kitupu. Alikuwa amelazwa hospitalini, akitiwa maji kwa mshipa.

Mwalimu Katana alisimama mbele ya darasa, uso umemkauka. "Kuna mtu anayejua lolote kuhusu maji haya? Aseme. Sitamchapa."

Hadiya aliitazama mikono yake. Moyoni alikuwa na hakika. Hatia ilimbana kifua, na mtu hubanwaje bure? Akasimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Nimetia uchafu mtungini kwa mikono yangu."

"Hukunawa?"

"Nilinawa. Lakini si sawasawa."

Mwalimu Katana alishusha pumzi. "Umefanya vibaya, lakini angalau umesema kweli." Akamwondoa kwenye zamu, akaamuru mtungi usuguliwe kwa jivu, na akaliona jambo limekwisha. Kisimani hakuna aliyekwenda kutazama.

Wakati wa kutoka, Chirau, kinara wa mizaha, alifunika mdomo kwa viganja viwili. "Jamani, zibeni vikombe! Sumu anapita!"

"Hadiya Sumu! Hadiya Sumu!" wenzake wakaitikia.

Hadiya aliendelea na njia yake. Aliona wanasema haki.

Tangu siku hiyo hakula vizuri, na shule akaikataa. Alimfuata mamake kutoka barazani hadi jikoni. "Mama, niwie radhi. Rael akifa, utaniwia?" Mwanafatuma alijibu mpaka sauti ikamkauka. Kuna wakati alimkaripia, kisha akaingia ndani akalia. Jirani mmoja alimnong'oneza kwamba mtoto ana pepo, apelekwe kwa mganga. Mwanafatuma akasema, "Kwanza nitampeleka kwa yule anayemlilia."

Walimkuta Rael amelala, midomo imekauka, mrija mkononi. Alipomwona rafiki yake alitabasamu.

"Rael, niwie radhi. Ni mimi niliyekuua."

"Sasa mimi nimekufa? Na huyu anayeongea ni nani?"

"Niwie radhi."

"Haya, sawa."

"Kwa moyo? Niwie radhi, Rael. Sema tena."

Kando yao muuguzi alikuwa akipima joto la mgonjwa mwingine. Huyu alikuwa Sista Eddah, aliyesomea pia mambo ya akili na mawazo. Alikuwa amemsikiliza Hadiya muda wote bila kugeuka. Alichokisikia ni kwamba kila mtoto yule aliposamehewa, sauti yake ilizidi kutetemeka. Alipomaliza kazi aliwasogelea.

"Shikamoo, Sista," Hadiya alisema.

"Marahaba. Mama, naomba tukae kidogo hapo nje kwenye benchi. Hakuna kosa."

Sista Eddah hakuuliza, "Una nini?" Aliuliza mambo madogomadogo, tena kwa upole. Mawazo hayo huja lini? Yakija mwili unasikiaje? Ukinawa, utulivu hukaa muda gani? Je, huwa unajua kwamba mikono ni safi, lakini huwezi kuamini? Hadiya alimtazama kwa mshangao. Mtu huyu alikuwa ameingiaje kichwani mwake?

"Sista, nina wazimu?"

"Huna wazimu. Huna dhambi ya siri wala huna pepo. Hali hii ninaijua, na wanayo watoto wengi na watu wazima wengi. Mawazo huja yakang'ang'ania, na mtu hufanya jambo lilelile tena na tena ili yamwachilie. Umewahi kumwona mlinzi wa hoteli?"

"Ndiyo."

"Basi kichwani mwako mna mlinzi hodari mno. Nazi ikianguka, anapuliza firimbi, 'Mwizi!' Paka akipita, 'Mwizi!' Hana ubaya. Ana macho makali, na anawapenda watu wa nyumba ile. Hatutamfukuza. Tutajifunza kuisikia firimbi bila kukimbia."

Hadiya akanong'ona, "Lakini safari hii mwizi yupo. Watu wanaumwa kweli."

"Vyema. Basi niambie ulichokiona. Usiniambie unachokiogopa. Ulichokiona kwa macho."

Hadiya alifumba macho. "Niliona ndoo. Niliona sabuni. Mikono yangu ilikuwa myeupe kwa povu." Alisita. "Na niliona maji meusi."

"Maji meusi wapi?"

"Yakitoka vyooni. Yalikuwa yakiingia kisimani, kwenye ufa."

Mwanafatuma alishika kichwa. Sista Eddah tayari alikuwa amesimama.

Siku hiyohiyo watu wa afya walifika shuleni. Kisima kilifungwa, kikatiwa dawa, na choo kilichofurika kikafukiwa. Wanafunzi wakaambiwa waje na maji yaliyochemshwa nyumbani. Baada ya hapo, hakuna aliyeugua tena.

Ungedhani Hadiya angefurahi. La. Usiku firimbi ikapulizwa upya, kali kuliko mwanzo. Sasa ilikuwa na jambo la kweli la kushika: uliona, ukanyamaza.

Waliporudi kwa Sista Eddah, alimgeukia Mwanafatuma. "Mama, kazi yako ndiyo ngumu kuliko zote. Akikuomba radhi kwa jambo la 'huenda', usimjibu ile 'nimekuwia'."

"Nisimsamehe mwanangu?" Macho ya Mwanafatuma yalijaa machozi. "Hivyo muda wote huu mimi ndiye niliyekuwa nikichochea kuni?"

"Umefanya analofanya kila mama mwenye huruma. Hukujua. Lakini kila ukimjibu, mlinzi huamini kwamba kweli mwizi alikuwapo. Tutaanza na mambo mepesi, na Hadiya mwenyewe ndiye atakayechagua lipi litangulie. Hakuna kumlazimisha, wala kumcheka, wala kumchapa."

Njiani walipitia kwa Ustadh Shehe, mwalimu wa chuo alikosoma Hadiya Kurani, kwa sababu Mwanafatuma alitaka kujua kama jambo hilo halipingani na dini. Ustadh aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Sisi twauita wasiwasi," alisema, "na wanazuoni waliujua tangu zamani. Walituachia kanuni: yakini haiondolewi na shaka. Ukijua umenawa, umenawa. Shaka ikija, iache ipite zake. Mfuateni huyo Sista, na dua zenu zisikome."

Basi wakaanza. Hadiya alichagua lianze lile la vumbi na chai.

"Mama, niwie radhi, huenda vumbi..."

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Mwanafatuma. Alilimeza, nalo likamchoma kooni. "Huenda limeingia, huenda halikuingia," alisema kama walivyofundishwa. "Nipe ufito huo wa kuti, mwanangu."

Hadiya alilia. Hofu ilimpanda hadi kichwani, akadhani atapasuka. Walikaa pamoja wakishona, mama akimgusa bega. Polepole ile hofu ikashuka yenyewe, kama uji uliotaka kufurika kuni zikiondolewa. Hakuna aliyeiondoa kwa msamaha. Ilichoka, ikashuka.

Siku nyingine mama alishindwa akajibu. Siku nyingine Hadiya alinawa mpaka mkono ukatoka damu. Walirudi kwa Sista Eddah, wakaambiwa, "Kuanguka njiani si kurudi ulikotoka. Endeleeni."

Rael alirejea shuleni kabla ya muhula kufungwa, amekonda, sare inampwaya. Hadiya alimngoja langoni. Safari hii alikuwa amejiandaa.

"Rael, siku ile niliona maji machafu yakiingia kisimani, nikanyamaza. Hilo nililifanya kweli. Niwie radhi."

Rael alimtazama kwa makini. "Uliona, hukusema."

"Ndiyo."

"Hiyo ni mbaya." Alikunja uso, kisha ukamlainika. "Haya, nimekuwia radhi. Lakini ukiniuliza tena, mahamri yako ya leo ni yangu."

Kinywa cha Hadiya kilifunguka. *Kwa moyo ama kwa mdomo?* Swali lilisimama pale kwenye meno. Alikifunga kinywa, akamshika Rael mkono, wakaingia darasani.

Mwalimu Katana aliwasimamisha wanafunzi wote. "Nina neno, na la kwanza ni langu mwenyewe. Hadiya alipokiri, nilikubali haraka kwa sababu kupata mkosaji kulinipunguzia kazi. Sikwenda kutazama kisima. Hadiya, niwie radhi." Kisha akamtazama Chirau, aliyekuwa akichunguza vidole vyake vya miguu. "Na nyinyi sikieni. Ukweli si kujitwika kila kosa linalopita njiani. Kukiri usilolitenda nako huficha ukweli, na huumiza watu. Semeni mlichokiona. Na mwenzenu akisumbuliwa na mawazo, msimpe jina. Mpeni nafasi."

Wakati wa mapumziko, Chirau alikuja na kikombe kitupu. "Nimesahau maji nyumbani," alisema chini kwa chini. "Hadiya, nigawie yako."

"Huogopi sumu?"

"Naogopa kiu," alisema Chirau. Hadiya akamgawia.

Jioni ile Hadiya alikaa barazani na mamake. Mwanafatuma alishona kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, Mungu ni mwingi wa rehema, wala hahitaji kuombwa kwa hofu kila dakika. Radhi ni kama nyumba yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ukikosa kweli, ingia, omba mara moja, rekebisha unachoweza, kisha toka uende ukaishi. Wewe ulikuwa ukiingia tu, hutoki. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikikuzuia, nikidhani nakukumbatia."

Hadiya aliitazama mikono yake. Mipasuko ilikuwa imeanza kupona. Kichwani, mbali kidogo, firimbi ililia.

"Mama..."

"Naam?"

Mwanafatuma aliishika sindano hewani, akingoja. Hadiya aliligeuza kuti mkononi.

"Kuti hili limepinda."

"Basi linyooshe, mamangu," Mwanafatuma alisema, na wote wawili wakaendelea kushona.