Nilichagua Kisu cha Titani, Bahati Akabeba Aibu Yangu

«Nani alichagua hii kisu?»

Swali fupi tu. Papa, baba yangu, aliliuliza mbele ya familia mbili, kidole chake kikitoka damu. Jibu nilikuwa nalo mdomoni... nikashindwa kulitoa!

Leo nina miaka ishirini na minane. Wakati ule nilikuwa na ishirini na sita, nimemaliza masomo ya kemia chuo kikuu hapa Bukavu, nafundisha sekondari, na bado naishi kwa wazazi wangu Kadutu. Nyumbani waliniita Madame Kwa Nini. Padri akihubiri, nauliza. Daktari akiandika dawa, nauliza. Siombi radhi kwa hilo. Kama unasoma ukitumaini kwamba mwishoni nitajuta kwenda shule, utachoka bure!

Mchumba wangu aliitwa Bahati. Alikuwa fundi wa mashine za kuvuta maji kwenye machimbo ya dhahabu kule Shabunda. Hakusoma sana, lakini mikono yake ilijua chuma. Alinipenda pamoja na maswali yangu yote. Ni wanaume wangapi wanaoweza?

Katika ukoo wetu kuna desturi. Siku ya mahari, mbali na ng'ombe, mkwe humletea baba wa msichana kisu kipya. Baba hukata nacho kipande cha kwanza cha nyama ya mbuzi, humpa mkwe, mkwe hula. Basi, amepokelewa. Lakini kisu hicho kisiwe kimekata kitu chochote kabla, hata kitunguu.

Wengi hununua kisu cha sokoni. Bahati alikataa. Papa ni seremala, mtu anayeheshimu vyombo vikali. Bahati alitaka kumpa kitu ambacho hajawahi kukishika: kisu cha kukunja cha titani, madini mepesi yasiyojua kutu.

Tulishuka mtaa wa Nguba kwa mfanyabiashara mmoja anayeleta vitu vya bei kali kutoka Ulaya. Akatuwekea viwili mezani, bei ileile. Kimoja cha kijivu, hakina urembo wowote. Kingine kilikuwa na mpini wa buluu uliogeuka zambarau ukiuelekeza kwenye mwanga.

«Mademoiselle, kamata hii ya kijivu,» alisema yule mfanyabiashara. «Ile ingine iko ya kufurahisha macho tu.»

Mwenye duka anaponda mali yake mwenyewe? Nikashuku hapo hapo. Lazima ana faida yake iliyojificha kwenye hicho cha kijivu! Kwa kuwa alimfahamu Bahati, alituruhusu kwenda na vyote viwili kwa siku mbili, tuchague kwa utulivu.

Nyumbani nikaomba sumaku. Hapa kwetu mtu yeyote aliyegusa biashara ya madini ana sumaku. Huipitisha juu ya mchanga mweusi ili kutoa chuma, na Bahati hakutembea bila ya kwake. Nilijua kutoka chuoni kwamba titani haivutwi na sumaku. Na hilo ni kweli kabisa!

Nikagusa cha kijivu. Mpini, kimya. Makali... tap! Yakarukia sumaku. Nikagusa cha buluu. Mpini, kimya. Makali, kimya.

«Umeona?» nilimwambia Bahati. «Hiki cha kijivu ni nusu titani, nusu uongo. Cha buluu ndicho titani kote.»

Bahati alikifungua cha kijivu, akakifunga, akakifungua tena.

«Chérie, kisu ni ya kukata. Hii naisikia muzuri mu mukono. Tukate hata kakamba kadogo, tuone.»

«Tukate? Halafu umpe papa kisu kilichotumika?»

Alicheka. «Sawa, profesa. Mi niko mutu wa mota tu.»

Akarudisha cha kijivu Nguba. Sikumwacha hata alale na wazo lake usiku mmoja.

Siku ya mahari ikafika. Uwanja wetu ulijaa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikapita kwa wazee, mbuzi akaletwa. Bahati, ndani ya shati jeupe, aliweka kisu mezani mbele ya Papa. Watu wakashangilia ile rangi. Papa alikipima mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akakipitisha tena. Nikajiambia ameguswa!

Akaanza kukata. Makali yakateleza. Akakata tena, nyama ikachanika kama kitambaa kikuukuu. Tonton wangu, mdogo wa Papa, hakuweza kujizuia:

«Eeeh, beau-fils, mkwe wetu! Ulituletea kijiko?»

Watu wakacheka. Maman wa Bahati hakucheka. Papa akakaza mkono, makali yakapinda, kifungio kikaachia... na kisu kikajifunga juu ya kidole chake! Damu ikadondoka kwenye sahani nyeupe ya wageni.

Kicheko kikafa. Papa akajifunga leso, polepole, bila kumtazama mtu. Ndipo akauliza lile swali.

Bahati alinitazama mara moja tu. Hakunionyesha kwa kidole, hakukunja uso. Alinipa nafasi. Na mimi, Madame Kwa Nini, ninayemhoji hata padri... nilitazama viatu vyangu!

«Ni mimi, papa,» Bahati akasema. «Ni mimi njo nilichagua.»

«Kisu imekatala, na ndoa imekatala!» tonton akapiga makofi.

Je, nilisema neno hapo? Hapana! Nilifanya kibaya zaidi. Shangazi aliponinong'oneza kwamba huyu kijana ametudharau, niliitikia kwa kichwa. Niliitikia! Maman wa Bahati aliniona. Alikaza kitenge chake, akaenda kusimama karibu na mwanawe.

Papa aliwaomba wageni kwanza wale chakula, akasema mambo ya watoto yataongewa siku nyingine. Baada ya wiki moja akatuma ujumbe: mazungumzo yamekwisha, ng'ombe warudi. Nililia siku tatu. Nilimlaumu Papa, nikamlaumu yule mfanyabiashara wa Nguba, nikalaumu desturi. Bahati akarudi Shabunda.

Miezi minne baadaye, nikiandaa somo la metali, nikasoma sentensi moja iliyonikalisha chini. Titani ni laini mno kushika makali. Kwenye kisu kizuri, titani ni mpini tu, na makali ni chuma cha pua. Kwa hiyo sumaku ilikuwa imesema ukweli... mimi ndiye sikuelewa ilichosema! Kile cha buluu kilikuwa pambo.

Nikamwandikia Bahati kurasa nzima. Alijibu kwa mistari miwili: «Kila kitu ulikuwa unaulizaka. Siku ile moja ya kujibu, ulinyamaza.» Hajaandika tena.

Wamama wa kanisani husema kisu hakitolewi zawadi, hukata mapenzi. Nakataa! Kisu hakikukata kitu siku ile, hata nyama. Tonton husema msichana aliyesoma sana haolewi. Nakataa pia! Kosa langu halikutoka darasani. Darasani nilifundishwa kujaribu kabla ya kuamini, na Bahati aliniomba jaribio dogo tu, kipande cha kamba. Nilikuwa na shaka na kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe. Na nilipoumbuka, nilikuwa mwoga. Huo woga hakuna shule iliyonipa.

Wasomaji wenzangu, dada zangu hasa, msiache kuuliza. Wakikuiteni wakaidi, ulizeni zaidi! Lakini ukikosea, sema «ni mimi» hapo hapo, damu ikiwa bado mbichi. Usimwache mtu anayekupenda aseme badala yako. Ukichelewa, utaandika kurasa nzima kama mimi, na jibu litakuwa mistari miwili.

Kuna jambo moja zaidi, nimelijua mwaka huu tu. Kwa muda wote huo niliamini Papa alimkataa Bahati kwa hasira ya kidole chake. Juzi nilimkuta karakanani akipiga randa ubao, nikamwuliza kwa nini. Hakusimamisha kazi.

«Maman yako alikuonaka na ile sumaku, akaniambia tangu mbele, kabla ya mahari. Nilijua nani alichagua. Nilikuwa nangoja wewe useme.» Akapuliza vumbi la mbao. «Ule kijana, sikumukatala, mwanangu. Nilimuhurumia.»