Usimwambie Mama

Tangu apimwe na kukutwa na presha, Mama Mapazia alilelewa kama yai. Jina hilo alipewa na majirani, maana karibu kila dirisha la mtaa ule lilivaa kazi ya mikono yake. Sasa cherehani chake kilikuwa kimefunikwa shuka. Aliyekifunika ni mumewe.

"Pumzika, mke wangu," alimwambia. "Kazi inakupandishia presha."

Binti yake alimkataza kufagia. Mwanawe, dereva wa teksi, alimkataza hata kwenda dukani kwa miguu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa mgeni wa miezi, tena nyumbani kwake, na jembe hakupewa.

Hayo angeyavumilia. Kilichomuuma ni minong'ono. Akiingia jikoni, maneno yanakatika. Simu ya mumewe ikilia, mzee anatoka nayo uani, akirudi anasema, "Ni watu wa kazini tu." Mzee mwenyewe alistaafu zamani. Watu wa kazini wametoka wapi?

"Kuna nini?" aliuliza Mama Mapazia.

"Hakuna kitu, Mama. Kula," alijibu binti.

Na chakula kilikuwa kitamu kweli. Binti alimkaangia kila alichokipenda, na kopo la chumvi akaliweka karibu na sahani yake, mama asije akakosa hamu. Vidonge alikumbushwa alipolalamikia kichwa. Kichwa kikitulia, navyo viliachwa.

Siku ya kliniki walimsindikiza wote. Muuguzi alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili. Alimkalisha Mama Mapazia kimya kwa muda, mgongo ukiegemea kiti, miguu chini. Kisha akamfunga mkanda wa kipimo mkononi. Akapima, akarudia.

"Imepanda kuliko mwanzo," alisema.

Mzee akashtuka. "Haiwezekani. Hatumwambii neno lolote la kumuudhi. Hata dada yake alipoanguka akavunjika mguu, tulinyamaza."

Alipotambua alichosema, alikuwa amekwishachelewa.

"Dada yangu?" aliuliza Mama Mapazia. Huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. "Na yeye mmemwambia nini?"

"Kila akipiga simu, Baba humwambia una shughuli nyingi," alisema mwanawe, macho chini. "Tuliogopa, Mama. Tulidhani ukisikia utaanguka."

"Kwa hiyo yuko kitandani, akidhani nimemtupa."

Machozi yakamtoka. Muuguzi alimwacha alie kwanza, kisha akawageukia wengine.

"Nia yenu ilikuwa njema. Ni kweli, mtu akishtuka presha hupanda, lakini baadaye hushuka. Presha ya kukaa juu siku zote ina mambo mengine. Kuna umri, na kuna kurithi. Halafu kuna chumvi nyingi, unene, na kukaa tu bila kutembea. Mmemficha habari, chumvi mkamwachia mezani."

"Lakini kichwa kilikuwa hakimuumi," alisema binti.

"Presha haibishi hodi. Wengi hawasikii chochote, mpaka wapate kiharusi, au moyo na figo viharibike. Dawa anywe kila siku kama alivyoandikiwa, hata akijisikia mzima. Asiache bila kumuuliza daktari."

"Na kazi?" aliuliza mzee.

"Ashone, ila asikae muda mrefu bila kuinuka. Na atembee. Aanze polepole mpaka afike nusu saa, karibu kila siku. Mwendo wa kuchangamka, lakini aweze kuongea."

"Kuongea naweza," alisema Mama Mapazia, akijifuta macho. "Wa kuongea naye ndiye niliyekosa."

Jioni ile alikwenda kwa dada yake kwa miguu, polepole, mumewe ubavuni. Dada alimtazama, akageukia ukutani. Mama Mapazia akaketi kitandani, akamweleza yote bila kumtetea mtu. Walilia. Kisha wakamcheka mzee, naye akawa hana pa kuficha uso.

Tangu hapo alikunywa vidonge bila kukosa, na njia ile akaitembea karibu kila siku. Binti alipunguza chumvi na mafuta, akaongeza mboga na matunda, na mchuzi akautia ndimu na kitunguu saumu. Mzee alinung'unika kwamba anakula chakula cha wodini. Baadaye ulimi ulizoea, akanyamaza. Kliniki ilipofika tena, presha ilikuwa imeshuka.

"Dawa, chakula na mwendo vinafanya kazi," alisema muuguzi. "Usiache hata kimoja."

Jioni moja mwanawe alirudi mapema. Alimkuta baba yake mlangoni, wakaanza kunong'ona. Ghafla mzee akamkatiza.

"Mwambie mama yako," alisema.

Kijana akaingia alipokuwa mama akishona. "Mama, mwenye gari amelichukua. Sina kazi."

Mama Mapazia alisikia moyo ukimwenda mbio, na aliogopa. Akavuta pumzi ndefu, akasimamisha cherehani.

"Umekula?"

"Bado."

"Nawa mikono, ule. Halafu uniambie tangu mwanzo, usinifiche kitu."

Mumewe akavuta kiti, naye akaketi kusikiliza.