Mita Sita Chini ya Mashua

"Chewa, una dakika ngapi?"

Sauti ya nahodha ilimfikia kupitia redio iliyofungwa ndani ya barakoa yake. Chewa akaitupia jicho Suunto, saa ya kuzamia iliyokuwa mkononi.

"Kumi na nne. Kwani vipi?"

"Kuna boti inakuja. Injini mbili, Yamaha kubwa. Hawa si watalii, shemeji."

Chewa akalaani kimoyomoyo.

Alikuwa mita sita chini ya maji, ameshikilia kamba ya nanga kwa mikono miwili. Mbali chini yake, meli ya mizigo iliyozama miaka mingi iliyopita ilikuwa imelalia ubavu juu ya mwamba. Kazi aliyotumwa na Idara ya usalama ilikuwa imekwisha, tena imekwisha vizuri. Ndani ya ile meli alikuta maboksi sita ya viwashio vya mabomu, yaliyofichwa na wafanya magendo hadi siku ya kuyatumia mjini. Akayafungua moja moja, akayajaza maji ya chumvi. Sasa hayangelipua hata puto.

Tatizo lilikuwa kupanda.

Mtu aliyekaa kina kile nusu saa, damu yake inakuwa kama soda iliyotikiswa. Ukiifungua ghafla, imekula kwako: utapooza, au utakufa. Ni lazima usimame mita sita, utulie, gesi ikutoke polepole. Bahari haiangalii cheo.

"Doria wako wapi?" akauliza.

"Nimeongea na mkuu wako. Dakika kumi na tatu."

"Basi kata nanga, ondoka. Mimi nitajificha kwenye matumbawe."

"Mtu akiwa chini siondoki."

"Shusha bendera, basi! Waone kama unavua samaki."

"Bendera ya mzamiaji haishushwi mtu akiwa chini. Nikiishusha watakupitishia mapanga ya injini kichwani. Unajua hilo."

"Hiyo ni amri!"

"Amri ni huko ofisini kwenu. Mimi umeniazima tu kwa dada yako." Akacheka kidogo. "Nafunga spika wasikusikie. Maiki naiacha wazi. Tulia, mama."

Ndivyo alivyokuwa, mume wa dada yake. Miaka ishirini ya kupeleka wazamiaji kwenye meli zilizozama, na hajawahi kurudi amepungukiwa hata mtu mmoja. Chewa alimpenda kwa ubishi huohuo. Leo alitamani amnyonge.

Dakika kumi na moja.

Kivuli kikapita juu yake. Boti ya pili ikaja ikajibana ubavuni mwa mashua. Akasikia vishindo vya viatu. Mmoja. Wawili. Wanne.

"Habari, nahodha." Sauti ya mkwaruzo, ya mtu aliyezoea kutiiwa. "Bendera ya nani hiyo?"

"Yangu. Nimetoka kuzama sasa hivi, nimesahau kuishusha."

"Mbona kichwa kikavu?"

"Ndugu yangu, kichwa gani hiki? Kipara hiki! Upepo ukipuliza mara moja kimekauka."

Wakacheka. Chewa naye, huko chini, karibu acheke.

Dakika nane.

Nahodha akaanza kuporoja. Aliwaeleza mwamba ulivyo mbaya upande wa kusini, akawaeleza kuhusu kobe, akawaeleza mama mkwe wake alivyomnyima binti miaka miwili kwa sababu ya kipara hichohicho. Mtu mwenye maneno! Alikuwa anamnunulia shemeji yake dakika kwa mdomo, na Chewa alijua. Kila sentensi aliihesabu. Hakuwa na la kumjibu, wala la kumsaidia. Kisu kimoja kwenye paja, basi. Bastola yake, Glock, ilikuwa juu, chini ya kiti cha usukani.

Dakika tano.

"Na suti hii ya kuzamia?" ile sauti ikauliza.

Viatu vikasogea hatua mbili juu ya mbao.

"Umetoka majini na suti kavu, imetundikwa?"

"Nilizama na kaptula."

"Maji haya ya baridi?"

"Nina mafuta mengi mwilini, ndugu."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Chewa akaachia kamba. Akapiga mapezi mara moja, mbili. Mita tano. Mita nne. Suunto ikapiga kelele, namba zikawaka nyekundu. Goti likamchoma. Akasimama hapohapo, amekodolea macho matumbo mawili ya boti, amekaza meno. Kisha akashuka tena mita sita.

Dakika tatu.

"Chini kuna nani?"

"Hakuna mtu."

Risasi moja.

Chewa alipiga yowe ndani ya barakoa mpaka kioo kikaingia ukungu. Hakuna aliyemsikia.

Majambazi hawakukimbia. Tamaa iliwashika, walianza kumvisha mwenzao mtungi ashuke kuchukua maboksi. Ndipo doria walipowakuta, boti tatu kwa mpigo, na wanne wote wakanyoosha mikono juu. Suunto ilipoandika sifuri Chewa alipanda. Nahodha alikuwa amelala ubavu karibu na maiki, macho wazi.

"Kazi safi," mkuu wake akasema redioni. "Mji mzima una deni kwako."

Chewa akazima redio.

Dada yake alikuwa kwenye chumba cha kujazia mitungi, mwisho wa gati, kompresa ikinguruma. Alimwona mdogo wake mlangoni, peke yake, akaizima. Chewa akamwambia yote. Hakuficha kitu.

Dada alikaa juu ya mtungi. Alizaliwa na kuolewa katika kazi ya kuzamia. Alijua hesabu zake.

"Zilibaki ngapi, alipopigwa?"

"Tatu."

"Tatu." Akatikisa kichwa taratibu. "Dakika tatu mtu anaumwa magoti, mdogo wangu. Hafi."

Chewa alikuwa na jibu. Walikuwa wanne, wana bunduki, yeye kisu. Wangeuawa wote wawili. Lilikuwa jibu la kweli, na halikumtoka mdomoni.

"Nenda," dada akasema. "Nenda tu, nisikutukane."

Akatoka. Akapita gatini mgongo umenyooka, uso mkavu, katikati ya askari wa doria waliompisha njia.

"Umemwona?" mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Wala hatetemeki!"

Chewa alisikia. Aliendelea kutembea, kwa sababu hakujua angesimama wapi.