Kikokotoo Kilichopotea Katikati ya Maombi

"Thamesmead nzima, nzi hajikuni nisimwone." Hivyo ndivyo Tevin Wanjohi alivyojisifu Jumamosi saa tisa kasorobo, akiingia flati ya Anti Margaret, orofa ya nne, kwenye mtaa huo wa London. Watu wakacheka. Tevin angekuchekesha hata akija kukuomba chumvi.

Walikutana kuombea mtihani. Kwenye ushirika wao wa Wakenya na Wakongo, mtahiniwa hapelekwi vitani na silaha zisizoombewa: kalamu, rula, kikokotoo, barua ya kuingilia, vyote hupangwa mezani juu ya kitenge kipya, mchungaji akavikabidhi kwa Mungu. Watahiniwa walikuwa wawili. Mmoja ni Nyambura, dada yake Tevin, mhandisi wa kusomea Kenya ambaye hapa London kazi yake ni kuogesha wazee. Wa pili ni Ghislain wa Bukavu, aliyewahi kusimamia ujenzi wa madaraja na sasa anafagia ofisi. Jumatatu saa tatu asubuhi wangekaa kwenye mtihani wa kuingia shahada ya uzamili ya uhandisi, katika chuo kimoja cha kaskazini. Waombaji mia nne, ufadhili wa mtu mmoja. Atakayeupata ataitwa injinia nchi hii, aseme kwaheri kwa ndoo na ufagio. Kanuni huruhusu kujaribu mara mbili tu, na Nyambura alishaanguka mara moja.

Anti Margaret alifunga mlango kwa mnyororo. Saa tisa na dakika kumi macho yakafumbwa, na Pasta Norbert, Mkongo wa sauti nzito, akaanza. Aliuombea mtihani. Akawaombea wasahihishaji, madereva wa basi, mabomba ya jengo, mpaka mbwa wa jirani. Amina ilikuja saa kumi kasoro dakika kumi.

Nyambura alifumbua macho, akanyoosha mkono mezani. Ukagusa kitenge kitupu.

"Kalkuleta yangu iko wapi?"

Waliinua kitenge. Wakainama chini ya meza. Hakuna.

"Nunua nyingine kesho," alisema Anti Margaret.

"Anti, si ya kununua! Wameibandika stika yenye namba, na namba iko kwa barua yangu. Bila stika hawaruhusu. Ofisi yao ilifungwa jana." Akaachia kitenge. "Nitapigaje hesabu za mihimili kwa kichwa? Hii ndiyo ya mwisho. Tevo, wewe na macho yako, nitafutie."

Wote wakamgeukia Tevin. Alikohoa kidogo, halafu akakunja uso kama askari.

"Mlango ulifungwa?"

"Na bado umefungwa," alisema Anti Margaret.

"Basi mwizi yuko humu ndani, na amekunywa chai yako. Hakuna kutoka. Mimi ndiye nitapekua."

Akapekua. Mkoba wa Anti: vitambaa na dawa ya shinikizo. Koti la Pasta: miwani. Begi la Ghislain: vitabu na mkate. Hata mfuko wa dada yake aliugeuza ndani nje. Hita ilikuwa imewaka kwelikweli, sweta zote zilishavuliwa, lakini Tevin alibaki na jaketi lake nene, zipu hadi kidevuni, jasho likimtiririka.

"Vua hiyo kitu, utaiva," alisema Anti Margaret.

"Mpelelezi hasikii joto, Anti. Na kwa vile umeongea, tuanze na wewe. Jumatano ulisema Nyambura akienda kaskazini, nani atakushikia shifti za wikendi kule kwa wazee. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema. Pia nilisema wewe utakonda kwa kukosa wa kukupikia, sasa hiyo nayo ni kesi? Wewe mtoto, nimekaa kona ile na mgongo wangu mbovu. Ningeifikia hiyo meza na nini, ulimi?"

Kweli, kona ilikuwa mbali. Tevin alimwacha haraka, akasimama mbele ya Ghislain.

"Wewe ulikaa wapi?"

"Hapa, karibu na meza."

"Nyambura akikosa mtihani, nani anafaidika?"

"Batu mia tatu na tisini na tisa," alijibu Ghislain kwa upole.

"Usinicheze. Hao wengine hawako chumba hiki. Uko wewe."

Nyambura alimtazama Ghislain kwa mara ya kwanza kama mtu asiyemjua. Miezi sita wamesoma pamoja maktaba, wakigawana mkate na maswali ya miaka iliyopita. Sasa alijisogeza kando.

"Umenipekua," alisema Ghislain. "Umeona kitu?"

"Mwizi mzuri haweki mfukoni. Anatupa dirishani. Sikiza, Pasta akiwa katikati ya maombi ulivuta kiti kwa mguu, ukanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza. Kanusha."

"Niligusa barua yangu," alisema Ghislain. " Nilitaka kuishika wakati inaombewa."

"Mmesikia! Amekubali mkono ulienda." Tevin alimgeukia dada yake. "Andikia watu wa mtihani sasa hivi, wakimfungia labda watakuonea huruma."

Nyambura alitoa simu. Aliandika jina la Ghislain. Akaandika neno *mwizi*. Ghislain alikiona kioo cha simu, na ile miaka yake ya madaraja ikapita usoni pake kama kitu kinachobomoka.

"Ndugu Tevin," alisema taratibu. "Miye nilikuwa nafunga macho. Weye uliona mukono wa kushoto namna gani?"

Kidole cha Nyambura kilisimama.

"Nili... nilisikia."

"Mkono wa kushoto una sauti yake?" aliuliza Anti Margaret.

"Haya, nilifungua kidogo!" Tevin alicheka, lakini peke yake. "Nani hajawahi kuchungulia kwenye maombi? Afadhali nilichungulia, la sivyo tungekosa shahidi. Au kuna shahidi mwingine hapa?"

"Yuko," alisema Pasta Norbert.

Muda wote alikuwa akinywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Kule tulikotoka, batu walikuwa wanaomba macho yamefungwa, na mumoja anaangalia mulango, kama askari ya porini inakuja. Huyo mumoja alikuwa miye. Miaka kumi na mbili niko London, na mpaka leo siwezi kufunga macho."

Tevin alishika kidevu, pale zipu ilipoishia.

"Mutihani nilimaliza kuuombea dakika kumi," aliendelea Pasta. "Zile thelathini, unazani nilikuwa nataka nini na mbwa ya jirani? Nilikuwa nakungoja weye urudishe."

Hita ilinguruma. Nyambura alimwendea ndugu yake, akaivuta ile zipu mwenyewe, taratibu, kama anavyowavua wazee wake nguo. Kikokotoo kikadondoka mkononi mwake. Alisoma namba ya stika. Ilikuwa yake.

"Kwa nini, Tevo?"

Safari hii hakuwa na mzaha. "Ungepata, ungeenda. Kila wikendi mama anapiga simu, ni Nyambura injinia, Nyambura injinia, halafu ananyamaza akifika kwangu. Nikibaki peke yangu kwa ile nyumba atakuwa anauliza nini? Ningekurudishia Jumatatu, saa nne."

"Saa nne," alisema Nyambura, "mlango wa mtihani umefungwa saa nzima." Akafuta maneno kwenye simu, herufi moja moja, na kumwonyesha Ghislain kioo kitupu. "Kaka, nisamehe."

"Nawe Jumatatu tukienda mtihani," Ghislain alimwambia Tevin, "utabeba begi zetu zote mbili."

Pasta aliomba wasimame, wafunge kwa maombi, mafupi sana. Anti Margaret akanyoosha kitenge. Nyambura akakishika kikokotoo kwa mikono yote miwili. Vichwa vikainama, na macho manane yakabaki wazi kabisa, yakimtazama Tevin. Yeye peke yake ndiye aliyefumba.