Kobe Lisiloitika

Magari-fahamu yaliteremka Mlima Nyoka kama maji ya mfereji, elfu moja kwa saa, bila dereva, bila honi, na hata moja halikumgusa mwenzake. Kila gari lilipofika lango la jiji, lango liliita kwa mawimbi ya redio na gari likaitika, likataja jina lake, abiria wake na afya ya kila kiungo chake. Ndivyo Mbeya ya miaka hiyo ilivyokuwa. Hata magari yalijua adabu ya kuitikia.

Lisilojua lilikuwa moja tu, nalo ni Kobe, gari dogo la Mhandisi Subilaga Mwaisaka, lenye mgongo wa mviringo na umri uliomzidi mwenyewe. Halikuwa na ubongo wa kuitikia chochote. Halikuwa na rejeta wala pampu ya maji, maana injini yake ilipozwa na upepo. Maji ya kuoshea kioo yalisukumwa na hewa ya spea tairi, kwa kuwa aliyeliunda aliona hewa ile imekaa bure. Kila alipolikumbuka hilo, Subilaga alicheka peke yake. Mtu aliyewaza hivyo, alisema, lazima alilelewa na mama asiyetupa kiporo.

Sasa Shirika la Mwendo lilikuwa limeamua kwamba gari lisiloitika ni mfu, na mfu huzikwa. Asubuhi ile Mkaguzi Ambakisye aliwasili nyumbani kwa Subilaga, nje ya lango, ndani ya gari-fahamu jeupe kulichukua Kobe, lipelekwe kwenye kinu cha kusagia chuma.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema macho yakiwa chini, kwani mama huyu ndiye aliyemfundisha uhandisi.

"Marahaba. Nasikia umekuja mazishini."

Ambakisye hakukana. Alimsomea amri taratibu, na Subilaga akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtaka asome sheria nzima, siyo ukurasa aliotumwa nao. Kifungu cha tisa kilisema kwamba kila gari libebalo watu lazima apatikane mtu wa kulifungua na kulieleza mbele ya mashahidi. Asipopatikana, gari lisitembee. Kwa miaka thelathini hakuna aliyekigusa kifungu hicho. Subilaga alikijua kwa sababu alikiandika yeye, enzi za ujana wake.

Majirani wakasogea. Subilaga akavua koti, akachukua spana mbili na bisibisi, akafungua kifuniko cha injini kule nyuma. Alitoa plagi moja baada ya nyingine, akafungua kabureta iliyozoea spiriti ya ndizi za Tukuyu badala ya petroli, akaeleza kila kitu kwa maneno ya sokoni. Tusekile, muuza viazi wa mtaa huo, aliuliza feni inazungushwa na nini. Alipoonyeshwa mkanda, akasema kumbe hata yeye angeweza. Subilaga akamjibu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, kisha akarudisha kila kipande mahali pake na kumgeukia mkaguzi.

"Haya. Sasa lako."

Ambakisye aliliendea gari lake jeupe. Boneti haikuwa na mpini wala skrubu, wala ufa wa kupitisha ukucha. Akaliuliza breki zake hufanyaje kazi.

"Abiria hahitaji maelezo hayo," gari likajibu kwa upole.

Akajitambulisha kuwa ni mkaguzi, nalo likarudia yaleyale. Akapiga simu makao makuu. Mhandisi mkuu alimwambia kwamba magari hayo huundwa na mitambo inayojiongoza, na kwamba ni mwaka wa kumi na moja tangu mkono wa mtu uingie ndani ya hata moja. Ambakisye akakata simu, akaligeukia gari lile jeupe. Alikuwa amewapakia wanawe watatu humo asubuhi hiyohiyo.

"Mwalimu, nani aliyaziba hivi?"

"Mimi." Subilaga alikuwa akifuta mikono, na hakuinua uso. "Boneti isiyofunguka niliibuni mimi. Wakubwa wa Shirika waliniambia mikono ya watu inaharibu, nikakubali. Baba yangu alikuwa fundi wa magari kama hili, pale Mwanjelwa. Gereji yake ilikufa mwaka uleule, na yeye hakukaa sana akaifuata. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Niliifunga mikono ya watu, Ambakisye. Siwezi kuifunga mara ya pili. Hili halisagwi. Mkilitaka, mnisage nalo."

Mkaguzi alitoa tena simu yake. Kisha akafungua fomu, akabonyeza dole gumba kwenye neno "limeelezeka" kwa ajili ya Kobe. Kwa gari lake mwenyewe alibonyeza "halikuelezeka". Papo hapo gari jeupe, lililotii sheria kuliko waliolinunua, likazima taa na kujifunga milango.

Magari yote ya mlimani yalikuwa ya aina hiyohiyo, na kwa kifungu cha tisa hata moja halikupaswa kutembea. Ambakisye alijua kwamba jambo hilo halisemwi kwa simu, na kwamba likisemwa huenda kazi yake ikaishia hapo. Akamwomba mwalimu wake ampeleke makao makuu, wakaliseme pamoja.

"Nitakupeleka," alisema Subilaga akiketi nyuma ya usukani. "Ila betri imechoka. Sukuma."

Ambakisye, ambaye hakuwahi kuligusa gari ila kwa kulipanda, alikunja mikono ya shati akasukuma. Tusekile akaacha viazi vyake akaja kumsaidia. Kobe likakohoa mara mbili, likawaka, na mkaguzi akalikimbilia na kudandia huku akihema, viganja vyeusi kwa masizi.

Kwenye lango la jiji waliitwa kama wote wanavyoitwa. Kobe halikuitika. Lango likaita tena, na tena. Subilaga akashusha kioo kwa mkono, akatoa kichwa nje na kuitikia yeye mwenyewe.

"Ni mimi, Subilaga. Tunapita."