Anayemimina Ndiye Anayeonja

Tulitoka kununua sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, basi. Sambaza na ndimu. Mtu akikuambia tulienda kutafuta mambo mengine kule Kadutu jioni ile, huyo ni muongo, na mwambie mimi Bintu ndiye nimesema.

Nilikuwa nimefika Bukavu mchana kwa boti kutoka Minova, na valizi mbili za nguo. Willy, mume wangu, alikuwa Australia miaka saba. Miaka saba ya kuoneana kwenye simu! Sasa makaratasi yangu yalikuwa yamekubaliwa. Nilipaswa kulala usiku mmoja tu kwa Colombe na mume wake Ignace, pale Nyawera, halafu asubuhi nivuke mpaka pale Ruzizi, niende Kigali, nipande ndege, nishuke, nipande nyingine, mpaka Mungu aseme nimefika.

Colombe nilisoma naye. Ofisini kwao wanamwita Madame Colombe, anatembea na beji shingoni. Mimi namwita Kijiko. Tulipokuwa wanafunzi tulipanga chumba kimoja Kadutu, na huyo mwanamke hakuweza kupita karibu na sufuria bila kuonja. Sombe ya majani ya muhogo haijaiva, ameonja. Maharage bado mawe, ameonja. Chakula kikifika mezani nusu iko tumboni mwake. Nilimpenda kama damu yangu. Hata leo.

"Ukifika kule, nani atakupatia sambaza?" aliniuliza. "Twende Kadutu. Za pale ndizo zenyewe."

"Iko mvula inakuya, Kijiko."

"Aka! Umekuwa muzungu mbele ya kupanda ndege?"

Tukaenda. Tukanunua. Tulipogeuka kurudi, mawingu yalikuwa yameshashuka mpaka kwenye mabati na umeme ukakatika mlima mzima. Mamotari wote wa pikipiki walikuwa wamekimbilia chini ya vibaraza. Colombe akasema tukate njia ya zamani, ile ya kushuka karibu na chumba chetu cha uanafunzi. Hatukuwa tumepita pale tangu tulipomaliza masomo. Mimi nilikuwa Minova na biashara yangu ya nguo. Yeye na Ignace walikaa Uvira muda mrefu, walirudi Bukavu majuzi tu.

Njia ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. Tope. Hakuna mtu. Hakuna hata mtoto analia.

Halafu...

"Bintu!"

Nikasimama.

"Bintu! Utapita kwangu bila kunisalimia?"

Colombe alinishika mkono. Kwenye mlango wa nyumba ya mbao, mshumaa nyuma yake, alisimama Maman Séraphine. Mwenye nyumba wetu! Mwanamke aliyetulea miaka ile yote, aliyetupigia kelele tukichelewa na kutufichia chakula chini ya sahani.

"Si walisema alihamaka hapa?" Colombe akanong'ona.

"Labda alirudi," nikamjibu. Mvua ikaanza kupiga. Tukaingia.

Ndani palikuwa vilevile. Meza ileile yenye mguu mbovu. Picha ya Bikira Maria. Ila kulikuwa na harufu... harufu ya udongo mbichi, kama shamba lililolimwa asubuhi. Na karibu na mlango, valizi kuukuu, imefungwa kwa kamba.

"Hata weye uko na safari, maman?" nikamuuliza.

"Iko siku mingi niko na safari," akasema. "Valizi iko tayari. Lakini nyumba, mutoto wangu... nitaachia nani nyumba?"

Alikuwa anaongea polepole. Kikwembe chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini, ingawa mvua ilikuwa imeanza sasa hivi. Nikasema moyoni, mzee ametoka chooni. Mtu hujitafutia maelezo.

Krrr... krrr...

Chini ya sakafu. Kama vijiwe vinavyoteremka.

"Ni mvula tu," akasema, wala hakuna aliyeuliza.

Akaleta vikombe viwili na kopo la kasiksi. Ile pombe ya ndizi hasa, ya kwao, yenye povu. Akamimina kikombe changu. Akamimina cha Colombe. Akatusukumia. Akakaa, mikono juu ya magoti.

Tukangoja.

Niseme kitu hapa, kwa wale wa mbali. Kwetu, mtu akikumiminia kinywaji, anaonja yeye kwanza. Anapiga funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hata mama yako mzazi anafanya hivyo. Watu wanaogopa karuho, sumu wanayosema inamkausha mtu kidogokidogo mpaka anabaki mifupa. Anayemimina ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayeonja. Mtoto wa Bukavu anajua hilo kabla ya kujua ishara ya msalaba. Na Maman Séraphine ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa jambo hilo.

"Onja, maman," nikasema kwa upole.

Akatabasamu. Hakuinua mkono.

"Maman, onja basi tukunywe."

"Miye nilishaonjaka," akasema.

"Wakati gani? Tulikuwa hapa."

"Nilishaonjaka, mutoto wangu. Zamani."

Mshumaa ulilala upande mmoja, na hakukuwa na upepo. Niliangalia mikono yake pale magotini. Kucha zilikuwa zimejaa udongo mwekundu. Zote kumi.

"Kijiko," nikanong'ona, "simama twende."

"Unamupatisha haya," Colombe akaninong'oneza kwa hasira. "Ni muzee. Anasahau."

"Asahau kila kitu, asisahau ile!"

Krrr... krrr... krrr...

Maman Séraphine hakuwa akiniangalia mimi tena. Alimwangalia Colombe, na machozi yalikuwa yanamtoka. Machozi ya kweli. Colombe ana moyo wa siagi, hawezi kuona mzee analia. Nikaona mkono wake unasogea.

"Usiguse!"

"Weye uko na safari, usiweke kitu mudomoni," akaniambia, na akacheka kidogo, kile kicheko chake cha jikoni. "Lete miye nionje mahali pake. Hivi hakuna atakayepata haya."

Akainua kikombe.

Akaonja.

Vijiwe vilinyamaza. Kimya kiliingia mle ndani hata mvua nikaacha kuisikia. Maman Séraphine akavuta pumzi ndefu, ndefu sana, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

"Asante, mutoto wangu," akasema. "Sasa nyumba iko na mwenyewe."

Akasimama, mwepesi kama msichana. Akachukua valizi yake. Akatoka kwenye mvua bila kitambaa kichwani, bila viatu, na hakugeuka.

"Maman! Maman Séraphine!" Nilikimbia mlangoni. Njia ilikuwa tupu juu na chini.

Nilipogeuka, Colombe alikuwa anazima mshumaa kwa vidole. Akapanga vikombe. Akafunga dirisha. Halafu akainua mkono juu ya mlango, palipokuwa giza kabisa, akateremsha kofuli bila kuitafuta.

"Umejua namna gani iko pale?"

"Ingekuwa wapi?" akasema.

Nilimvuta mkono tukashuka mbio, nikianguka, nikiinuka, nikimwita Yesu na Maria na watakatifu wote ninaowajua. Tulipofika barabara yenye taa ndipo nikagundua tumesahau sambaza mezani. Nyumbani Colombe alikaanga mayai. Alitupakulia mimi na Ignace, akakaa akituangalia tunavyokula. Nilijiambia amechoka.

Sikupata usingizi hata wa kuku.

Asubuhi valizi zangu zilikuwa mlangoni. Ignace alikuwa ananihimiza, kwamba mpaka wa Ruzizi unajaa watu mapema. Ignace ni mwalimu wa hesabu, mtu mzuri, ila hana subira. Colombe akaleta chai. Akamimina kikombe changu, akanisukumia. Akakaa, mikono juu ya magoti.

Nikangoja. Kijiko! Mtu ambaye hakuwahi kupita karibu na sufuria!

"Onja, Colombe."

Akatabasamu.

"Miye nilishaonjaka," akasema. "Jana."

Na Ignace, kwa haraka zake, akanyoosha mkono kwenye kikombe changu. "Mambo gani haya ya bibi zetu? Lete, nionje miye, tuende—"

Nilikipiga kile kikombe kikaruka mpaka ukutani.

"Bintu! Una wazimu?"

"Usionje mahali pake! Ignace, nakuomba kwa jina la mama yako, usionje mahali pake hata siku moja!"

Colombe aliinama akaanza kuokota vipande, kwa utulivu, kama mtu aliyezoea wageni wakorofi. Chini ya kucha zake kulikuwa na udongo mwekundu.

Nilimwambia Ignace yote. Hakuamini. Akasema twende tukaone hiyo nyumba, halafu unyamaze. Tukapanda pikipiki moja mpaka Kadutu, tukateremka ile njia kwa miguu.

Nyumba haikuwapo. Si ile, si ya jirani yake. Kilima kilikuwa kimekatika kuanzia juu, udongo mwekundu mtupu, na majani yalikuwa yameshaota katikati. Mama mmoja alikuwa anafua nguo pembeni. Nikamuuliza habari za Maman Séraphine.

Aliacha kufua.

"Kilima kilimubeba, dada. Mvula ya mwaka juzi. Batu walichimba, hawakumupata." Akatikisa kichwa. "Na alikuwa ameshafunga valizi, aende Lubumbashi kwa mutoto wake. Kila siku anasema ataenda kesho. Hakutaka kuacha nyumba bila mutu."

Ignace alikuwa haniangalii tena. Alikuwa anaangalia chini, katikati ya ule udongo, mahali ambapo hapakuwa na alama ya mguu hata mmoja. Mfuko wetu mweusi ulikuwa pale. Umekaa wima, umefungwa vizuri. Sambaza zetu na ndimu juu yake.

Ungefanya nini wewe? Niambie. Nilitaka kubaki. Nililia barabarani mbele ya watu. Ignace ndiye aliyenisukuma: viza yako itakufa, Willy amengoja miaka saba, nenda, mimi nitampeleka kwa padri. Colombe alikuja kunisindikiza mpaka Ruzizi. Alinikumbatia. Alinukia shamba lililolimwa.

"Safari njema," akaniambia. "Ukirudi, usipite kwangu bila kunisalimia."

Nilipokuwa kwenye foleni ya muhuri, niliona mgongo wa mwanamke mzee akivuka daraja, miguu mitupu, valizi imefungwa kamba. Askari hawakumwomba karatasi. Hawakumwangalia hata kidogo. Sikumwita. Ningemwambia nini?

Padri alikuja, akaomba, akanyunyiza maji. Colombe aliitika amina vizuri kabisa, akamletea kinywaji. Ignace alimzuia padri mkono kabla hajakigusa kikombe. Tangu hapo mambo yanakwenda hivi: Colombe akitoka kazini alikuwa anapanda Kadutu, anafagia ule udongo. Baadaye akaacha kazi. Sasa amesimamisha miti minne na mabati mawili juu ya kilima kilichokatika, anakaa pale jioni, na vikombe mbele yake. Anapikia watu, anamiminia watu. Hakuna aliyemwona akitia kitu mdomoni. Ignace anasema mke wake amebaki mifupa, na kila mvua ikinyesha anasikia vijiwe vikitembea chini yake. Anambeba kumrudisha nyumbani. Asubuhi hayupo.

Jana Colombe alinipigia simu. Picha ilikuwa mbaya, lakini nilimwona. Mashavu yamekwisha, Kijiko wangu.

"Bintu," akasema, "niko na safari na miye. Valizi iko tayari. Lakini nyumba... nitaachia nani nyumba?"

Na akalia. Machozi ya kweli.

Mimi nilikuwa na safari, ndiyo sababu aliinua kile kikombe. Nimefika. Nimekaa na Willy, nimecheka naye, nimelala kifuani kwake, nimekula miaka saba yote kwa miezi michache. Sina lawama kwa Mungu.

Nimempigia Ignace nikamwambia asiende kwake kule kilimani jioni ya Jumamosi, huko nitafika mimi, yeye amngoje nyumbani na sufuria ya sombe jikoni. Atajua Colombe amerudi, kama kijiko kitaingia kabla haijaiva.

Willy ananiuliza naenda kufanya nini Bukavu haraka namna hii. Nimemwambia naenda kusalimia rafiki. Anauliza nitarudi lini, nimemwambia tutaona. Sijamwonyesha tiketi. Ni ya kwenda tu.